Sikio Kabla ya Spana

Mashine ya kufua ikianza kunguruma, fundi mzuri hakimbilii spana. Anauliza kwanza: "Mama, inalia saa ngapi hasa? Ikisugua, ikimwaga maji, au ikikamua?" Jibu humwonyesha pa kuanzia. Ikilia inapomwaga maji, ataanza na pampu, mara nyingi akute sarafu, pini au waya wa sidiria. Ikilia inapokamua, atashughulika na dramu na vyote vinavyoishikilia.

Nimewatazama mafundi wa Eldoret wakifanya kazi hii majumbani, Kapsoya na Langas, na ninachowaheshimu zaidi ni subira ya kumaliza sababu nyepesi kabla ya kugusa nzito. Hapa tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ni yetu na mablanketi mazito ni yetu. Blanketi moja lililolowa hujikusanya upande mmoja wa dramu, na kasi ikipanda mashine nzima hupiga kishindo. Hapo hakuna kilichovunjika. Kama mashine ni mpya na inatembea sakafuni, fundi huchungulia nyuma: huenda bolti za kuifungia safarini bado zimo. Huzitoa, kisha humwambia mwenyewe azihifadhi kwa siku ya kuhama. Huikagua miguu pia, kwa sababu mguu mmoja ukining'inia hutosha kuitikisa.

Mngurumo unaopanda pamoja na kasi, kama kisiagi cha mahindi kilichowashwa tupu, ni habari nyingine. Fundi huchomoa plagi, hufungua mlango na kuizungusha dramu kwa mkono, polepole. Kisha huinua ukingo wake na kuushusha. Ukicheza ilhali pipa la nje limetulia, shaka huiangukia beringi. Hata hivyo hahukumu bado. Hufungua mgongo wa mashine, huvua mkanda, huzungusha dramu peke yake, halafu mota peke yake. Kinachokwaruza hujitaja. Akiona michirizi ya kutu chini ya mhimili, anajua pia chanzo: sili ilichoka, maji yakapenya, yakaosha grisi. Ndiyo maana habadilishi beringi akaiacha sili ya zamani.

Kuitoa beringi ndiko kunakopima mkono. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika huzunguka mara 20 kila sekunde, kwa hiyo kosa dogo la leo litarudi na kelele baada ya miezi michache. Fundi huigonga ya zamani kidogo huku, kidogo kule, itoke bila kwenda upande. Husafisha kikalio chake, hupapasa mhimili kwa kidole kutafuta mikwaruzo, na husoma namba iliyochongwa kwenye beringi ili mpya iwe ileile. Wengine huiweka mpya kwenye friza kwanza, inywee kidogo. Wakati wa kuiingiza, nyundo haigusi pete ya ndani kamwe, kwa maana pigo hilo lingepitia kwenye gololi na kuziumiza kabla hazijafanya kazi siku moja. Hupiga pete ya nje, kwa kuzunguka, akisikiliza. Mlio wa nyundo ukibadilika kuwa mzito, beringi imekaa.

Akishafunga kila kitu, huijaribu tupu kwa kasi ya juu, kiganja juu ya bati. Kisha huijaribu na nguo na maji, kwa kuwa sili haithibitishwi ikiwa kavu.

Mwenye nyumba haoni ndani ya mashine. Fundi angeweza kulipisha beringi kwa kazi ya kutoa bolti nne, na asijulikane. Uaminifu wake, basi, ni sehemu ya ufundi wenyewe, na mafundi bora huuthibitisha: humkabidhi mteja beringi ya zamani aizungushe kwa kidole, ahisi kutu inayosaga ndani. Aliyewahi kuihisi ataujua mngurumo huo ungali mdogo, na ataita fundi kabla kutu haijala mhimili.