Askofu: Cheo au Kazi?

Maneno ya dini husafiri pamoja na watu, na yafikapo ugenini huvaa mavazi ya wenyeji. Miongoni mwa wasafiri hao limo neno "askofu". Chimbuko lake ni Kiyunani, episkopos, yaani mwenye kuangalia, mwenye dhamana ya kutunza. Waarabu walilitamka usquf, na wasomaji wa sira wanalifahamu kutokana na ujumbe wa Wakristo wa Najran uliokwenda Madina kuonana na Mtume Muhammad, ambamo alikuwamo Abu Haritha, askofu wao. Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, sawa na kanisa, injili na kasisi. Msomaji wa Unguja au wa Lamu asilidhani, basi, kuwa ni neno la bara lisilomhusu. Limepita mlangoni kwetu.

Ukimwuliza mtu maana yake, atakujibu: kiongozi mkuu wa kanisa. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Na tulipeleke neno hili Iyunga, katika jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tulipime huko. Katika Nyanda za Juu Kusini madhehebu mengi yanaishi jirani kwa jirani, na neno ni moja kwa wote. Mtu akisema, "Baba Askofu amefika," msikilizaji hana budi kuuliza: wa kanisa lipi? Kwa Mkatoliki ni mkuu wa jimbo. Na tangu 2018, Mbeya ilipopandishwa kuwa Jimbo Kuu, kiongozi wake huitwa Askofu Mkuu. Kwa Mlutheri ni mkuu wa dayosisi, na "jimbo" kwake ni sehemu tu ya dayosisi hiyo. Katika baadhi ya makanisa ya Kipentekoste, Askofu Mkuu huweza kuwa ndiye mwasisi wa kanisa zima.

Kwa Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, mambo yako kinyume na mazoea hayo. Kwao anayeongoza utawala wa jimbo ni mwenyekiti. Askofu huchaguliwa na sinodi na kuwekwa wakfu kwa maisha yake yote. Huwabariki wachungaji, huwaombea, huwaonya, na huwa mchungaji wa wachungaji. Uaskofu peke yake haumpi mamlaka juu ya fedha wala ofisi. Jirani asiyeyajua hayo humwendea askofu akitaka atoe amri, na anapokosa amri husema mzee huyu ni dhaifu. Kosa hapo si la mzee. Ni la maana tuliyoizoea, tukadhani ndiyo pekee.

Kwa maoni yangu, matumizi hayo ya Wamoravian ndiyo yaliyo karibu zaidi na asili ya neno. Ushahidi umo katika tafsiri ya Biblia ya 1952, iliyochukua nafasi ya zile za Unguja na Mombasa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, wazee wa Efeso wanaitwa "waangalizi". Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, anatajwa "askofu". Kiyunani kina neno moja mahali pote pawili. Wafasiri walikuwa na sababu zao, lakini matokeo ni kwamba kazi imebaki upande mmoja na cheo upande mwingine, na msomaji wa Kiswahili haoni tena undugu wao.

Hapa ndipo washairi wanapohusika, kwani kina kina nguvu ya kuvuta maana. "Askofu" hukaa mwishoni mwa kipande, na mtunzi anayetafuta wenziwe huwakuta wakimngoja: utukufu, hofu, sifu, safu. Kabla hajatanabahi, askofu wake amekwisha kuketi juu ya kiti, watu wamejipanga mbele yake wakitetemeka. Laiti angetumia "mwangalizi", vina vingemletea kazi, mlezi, mzazi, hata usingizi ambao mwangalizi haupati. Mtu ni yule yule, lakini mashairi yangekuwa mawili yasiyofanana.

Sisemi tuliache neno "askofu". "Mwangalizi" nalo lina dosari zake: siku hizi masikio yetu yamezoea waangalizi wa uchaguzi, wajao wakatazama, wakaandika ripoti, wakapanda ndege. Huyo siye tunayemkusudia. Ninachoomba ni kwamba mtunzi asimwachie kina kumfikiria. Aseme utukufu akiwa ameukusudia, wala asiuokote kwa kuwa umeishia na "fu".

Waumini wenyewe wameonyesha njia. Katika barua rasmi za Kikatoliki askofu ni "Mhashamu", neno lenye nasaba moja na heshima. Lakini anaposhuka garini na kinamama wakampokea kwa vigelegele, haitwi Mhashamu; huitwa Baba. Kwa wito huo wamemrudisha penye ulezi, mahali ambapo neno lilianzia safari yake.