Gavana Aliyetawala kwa Njia ya Malori

Mwaka 2007 bunge la jimbo la Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilimchagua Moïse Katumbi kuwa gavana kwa kura 94 kati ya 102. Alikuwa na umri wa miaka 42, mtoto wa Kashobwe karibu na Ziwa Mweru, kutoka familia ya wafanyabiashara wa samaki. Tangu 1997 alikuwa na kampuni yake ya ukandarasi wa migodi, MCK, na alikuwa rais wa klabu ya soka ya TP Mazembe.

Alipoingia ofisini alikuta mamlaka finyu. Leseni za madini zilitolewa Kinshasa. Katiba ya 2006 iliyapa majimbo asilimia 40 ya mapato yanayokusanywa humo, lakini Kinshasa haikuliheshimu sharti hilo. Gavana angeshika wapi? Katumbi, aliyezoea kusafirisha vitu, alishika barabara. Shaba na kobalti nyingi za Katanga hutoka kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Akapiga marufuku kusafirisha mawe ghafi ya madini, akataka yachakatwe nchini kwanza. Watanzania wanakumbuka Rais Magufuli alivyozuia makinikia, yaani mchanga wa madini ambao haujayeyushwa, mwaka 2017. Katumbi alikuwa ametangulia kwa miaka kumi, tena akiwa gavana tu.

Mahindi aliyashughulikia vivyo hivyo. Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo, ilitegemea unga wa Zambia, na Zambia ikifunga mpaka, bei inaruka. Basi akaagiza kila kampuni ya madini ilime hekta 500. Kwangu hiki ndicho kipimo cha uhodari wake: hakuwa na bajeti ya kilimo, lakini alijua nani ana matrekta, mafuta na haja ya kibali.

Udhaifu ulikuwa humo humo. Makinikia yaliendelea kuvuka, kwa kulipiwa ushuru, kwa sababu umeme wa kuyeyushia haukutosha. Na gavana aliyezibana kampuni za madini alikuwa ameanzisha kampuni inayopewa kazi na kampuni hizo hizo. Wafuasi wake hawapendi kulisikia hili, lakini hakuna mchambuzi mkweli anayeweza kuliruka.

Julai 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Septemba akajiuzulu na kukihama chama cha Rais Kabila. Mei 2016, akituhumiwa kukodi mamluki, jambo alilolikana, aliondoka nchini. Uhamishoni akaishi Ubelgiji.

Katumbi alirudi Lubumbashi Mei 2019, na katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023 akawa wa pili kwa asilimia 18 hivi. Jina lake halijafutika. Lakini mfumo wake ulikaa katika amri za mtu mmoja na simu zake kwa wakurugenzi wa migodi. Mabunge ya Haut-Katanga na Lualaba yana haki ya kutunga sheria za majimbo yao. Sharti la kilimo liandikwe humo, na pamoja nalo sharti la pili: gavana asiwe na maslahi katika kampuni inayofanya kazi migodini.