Herufi D tunayoiruka

Wandugu wa lisansi, na ninyi mnaobaki oditwari, leo sikosoi serikali wala barabara. Nakosoa silabusi yetu ya uzalishaji wa mifugo, na mimi mwenyewe niliyeiamini.

Sisi wote wa agronomia tunajua ile fomula: G = A + D + I. A ni thamani ambayo kila jeni inabeba peke yake. D ni dominansi, yaani kile kinachotokea wakati jeni ya baba na jeni ya mama zinakutana mahali pamoja. I ni jeni za mahali mbalimbali zikigusana. Halafu mwalimu anasema: D na I tuziache, tuendelee na A. Anafuta ubao, tunafanya mtihani, tunapita. Njo tunatoka hivyo mpaka kijijini.

Katalogi za madume wa maziwa nazo zinaandikwa hivyo hivyo: karibu kila namba pembeni ya picha ni A. Tuseme haki, sababu iko. Mzazi anatoa nakala moja ya kila jeni, hatoi jozi. Jozi inavunjika kila uzazi, kwa hiyo huwezi kuuza D ya dume ndani ya mrija wa mbegu. Tena ndani ya aina moja kama Holstein, A inaeleza tofauti za maziwa kuliko D, na D ni ngumu kuipima, maana ng'ombe wengi wanachangia baba tu. Wanaochangia baba na mama ni wachache. Kwa mwenye kuuza mbegu, A inatosha.

Lakini sisi hatuuzi mbegu. Tunashauri mtu mwenye ng'ombe wanne.

Mzee mmoja wa kwetu milimani alikuwa na ng'ombe metisi, mama zao Ankole, baba yao dume mmoja wa Frizoni. Walikamuliwa vizuri, walishika mimba bila shida. Mmoja akazaliwa dume, mzee akamweka zizini ili awapande dada zake wa baba. Nikamwambia: papa, endelea, damu iko nzuri. Baada ya miaka, mabinti waliotoka pale walitoa maziwa kidogo, na walipandwa mara tatu ndipo washike mimba. Akaniuliza: «Agronomu, ile damu imeenda wapi?» Nikajibu eti ni majani. Majani yalikuwa yale yale.

Kumbe damu haikwenda popote. Hesabu mwenyewe. Kwa metisi wa kwanza, kila mahali pa jeni pana nakala moja ya Frizoni na moja ya Ankole: jozi za mchanganyiko ni 100%. Ukipandisha metisi kwa metisi, robo inakuwa Frizoni kwa Frizoni, robo Ankole kwa Ankole, nusu tu inabaki mchanganyiko. Damu ya Frizoni ingali 50% kama mbele, lakini nguvu ya metisi imekatwa nusu. Na kwa sababu dume na dada zake walichangia baba, hasara ya pili ikaingia: 12.5% ya undugu ndani ya kila ndama. Mimi nilikuwa nahesabu damu. Nilipaswa kuhesabu jozi.

Haya si mapya. Mwaka 1987 FAO ilichapisha kazi ya Cunningham na Syrstad, waliokusanya majaribio mengi ya kuchanganya ng'ombe wa Ulaya na wa nundu katika nchi za joto. Kizazi cha kwanza kinapanda, metisi kwa metisi kinashuka. Wengi wetu hapa tulikuwa hatujazaliwa.

Wengine watasema: basi tupande na Frizoni tena na tena. Ukifika 75% ya damu, mchanganyiko ni ile ile nusu, ukifika 87.5%, imebaki robo. A ya maziwa inapanda, ni kweli, lakini chakula na dawa lazima vipande nayo. Na uzazi, ambao A yake ni ndogo sana, njo unafaidika zaidi na mchanganyiko.

Hata wakubwa waliumia. Marekani kulikuwa na dume wa Holstein, Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962. Binti zake walijaza ndoo. A yake haikudanganya. Lakini alibeba nakala moja mbovu ya jeni inayoitwa APAF1. Nakala moja haina neno. Wajukuu wake walipopandishwa kati yao, nakala mbili zikakutana, na mimba ikaharibika. Watafiti wanakadiria mimba zilizopotea duniani kuwa karibu nusu milioni. Hiyo nayo ni D, kwenye jeni moja tu.

Kwa hiyo ushauri wangu umebadilika. Kwanza, dume metisi wa zizini asipande nyumbani; auzwe, au abadilishwe na mtu wa mbali. Pili, tupokezane aina: zamu ya aina mbili inashika karibu 67% ya nguvu ya metisi kwa muda mrefu, zamu ya aina tatu karibu 86%. Tatu, daftari. Ng'ombe ambaye baba yake hajulikani, huwezi kumchagulia bwana.

Nilirudi kwa yule mzee kumwambia kwamba majani hayakuwa na kosa. Alinisikiliza, akauliza kama ile daftari naweza kumletea mimi. Nilimletea.

Na wewe asista unayefundisha mwaka huu: usifute D ubaoni kabla wanafunzi hawajahesabu zizi moja.