Boxer ikilala chini: kazi kubwa iko kabla ya kuinua

Kwa vipimo vya dunia, Bajaj Boxer, pikipiki iliyozoeleka kwenye steji za bodaboda Kampala, ni nyepesi. Ikiwa tupu ina kilo 110 hadi 125 hivi kulingana na toleo, ilhali Honda Gold Wing ya safari ndefu inapita 350. Lakini Boxer ya Kampala haishindi tupu. Madumu manne ya maji ya lita 20 yanaongeza kilo 80, nayo hufungwa juu na nyuma, mahali pabaya kabisa kwa mizani. Ikiteleza kwenye udongo mwekundu wa Makindye msimu wa mvua za Machi hadi Mei, dereva ana karibu kilo 200 za kuinua, tena kwenye mteremko. Wengi hushika usukani na kuvuta kwa kiuno. Wenye nguvu hufaulu, na kwa kuwa wanafaulu, watu huamini kwamba kuinua pikipiki ni suala la misuli. Mimi nashikilia kwamba ni suala la mpangilio, na sehemu kubwa ya kazi inaisha kabla mkono haujaanza kuvuta.

Ushahidi wa kwanza ni uzito wenyewe. Pikipiki iliyolala haibebwi kama gunia. Inazungushwa juu ya mstari ambapo tairi zinagusa ardhi. Uzito unaofika mikononi ni mkubwa kabisa pale chini, hupungua kadiri inavyosimama, na huisha ikiwa wima. Anayevuta kwa mgongo uliopinda anatumia kiungo dhaifu wakati ambapo uzito uko kileleni. Ndiyo maana kufungua mzigo kwanza si kupoteza muda, na ndiyo maana njia bora ni kuipa pikipiki kisogo: makalio kwenye ukingo wa kiti, usukani umekatwa hadi mwisho kuelekea upande ilioangukia, mkono mmoja umeshika kutokea chini mshikio ulio karibu na ardhi, wa pili umeshika chuma cha keria, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Kisha miguu inasukuma kwa hatua fupi za kurudi nyuma. Vyuma vya kulinda injini ambavyo madereva wengi hufungisha navyo husaidia, kwa sababu vinaizuia pikipiki isilale kabisa, hivyo ile sehemu ngumu ya mwanzo inapungua.

Nguvu hiyo yote hupotea tairi zikiteleza. Injini izimwe na koki ya mafuta ifungwe, maana kabureta iliyolala humwaga petroli. Halafu gia ya kwanza ifunge gurudumu la nyuma. La mbele linahitaji breki, na mikono yote miwili ina kazi nyingine. Dawa yake iko palepale kwenye keria: ule mpira wa tyubu kuukuu unaofungia mizigo, ukizungushwa mara mbili tatu kwenye mshikio pamoja na mkono wa breki na kukazwa, unalishika gurudumu la mbele lisisogee. Kwenye mteremko kuna jambo jingine lisilorukwa. Kama kiti kimeelekea bondeni na tairi zimeelekea juu, pikipiki iburutwe izunguke hadi tairi ziwe upande wa chini, vinginevyo mtu anapigana na kilima pamoja na chuma. Stendi nayo ina neno lake. Iko kushoto, kwa hiyo pikipiki iliyolalia kulia ifunguliwe stendi ingali chini. Iliyolalia kushoto haina cha kuipokea ikipitiliza, na hatua za mwisho lazima ziwe za polepole.

Wapo watakaosema kwamba Kampala hakuna anayeinua peke yake, kwani ikianguka tu, watu watano wameshafika. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini watano wanaovuta bila mpangilio hushika indiketa na kioo vikavunjika, huirusha pikipiki ikaangukia upande wa pili, na ikiwa imelalia kushoto, ekzosi ya moto iko juu inangoja mkono wa mtu. Wawili wanaofuata sauti ya dereva wanatosha. Wengine watauliza nani ana nafasi ya kufunga mipira katikati ya Jinja Road huku taksi zikipiga honi. Hapo ndipo watu hao watano wana kazi ya maana zaidi: mmoja azuie magari, mmoja amwondoe abiria barabarani, mwingine afungue mzigo.

Hoja hii inapata uzito zaidi sasa ambapo pikipiki za umeme za Zembo na GOGO zinazunguka mjini. Nyingi hazina gia ya kufunga gurudumu la nyuma, na injini zake hazina mlio. Iliyolala inaweza kuwa bado imewaka, na mkono unaoshika mshikio wa kulia ndio huohuo unaoweza kuuzungusha na kuiondoa pikipiki. Swichi izimwe kabla ya chochote, na breki ifungwe kwa mpira bila mjadala.

Ikishasimama, na kabla abiria hajapanda, dereva afungue ule mpira wa breki, kisha azungushe mshikio wa mafuta na kuuachia. Usiporudi wenyewe, pikipiki hiyo isiwashwe. Isukumwe hadi kwa fundi.