Kutupa, Kurusha na Kufanya Juu: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza katika Miteremko ya Uluguru

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mfasiri huviona vyepesi mpaka avikute ndani ya sentensi, kimo kitenzi "throw". Mwanafunzi wa shule ya msingi atakuambia kwamba maana yake ni kutupa, wala hatakuwa amekosea. Hata hivyo jibu hilo halimtoshi mtu anayefasiri mwongozo wa kazi. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika fani ya hifadhi ya udongo kitenzi kilichochaguliwa bila uangalifu chaweza kuupeleka udongo mahali pasipotakiwa. Mifano yetu tutaichukua hasa katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako mashamba hulimwa kwenye miteremko mikali na udongo unaopotea huishia mitoni.

Yafaa kwanza tupitie vitenzi tulivyo navyo. Kutupa ni kukiacha kitu kitoke mkononi kwa nguvu. Mvuvi hutupa wavu, mwanamichezo hutupa tufe. Lakini kitu kinapotupwa bila kutajwa kinakokwenda, msikilizaji wa Kiswahili hufahamu kwamba kimeachwa, hakitakiwi tena. Ndiyo maana kibao cha mjini kisemacho "Usitupe taka hapa" hakihitaji maelezo, na ndiyo maana husemwa kwamba Mungu hamtupi mja wake. Methali ya atupaye jongoo kumtupa na mti wake nayo yasimama juu ya maana hiyo hiyo ya kuachana na kitu moja kwa moja.

Kurusha ni jambo jingine. Kitenzi hiki chatokana na kuruka, nacho maana yake ni kukifanya kitu kiruke. Basi twarusha mkuki, twarusha ndege, na redio hurusha matangazo. Katika hayo yote hakuna wazo la kuacha wala kudharau. Kuvurumisha kuna nguvu na ukali. Kubwaga ni kuangusha chini kilichobebwa, kama mzigo. Kumwaga ni kwa vitu vya chembechembe na vya majimaji: lori humwaga mchanga, halitupi mchanga. Na mahakama inapokataa rufaa, magazeti huandika kwamba imeitupilia mbali, ambapo mnyambuliko wa kitenzi waongeza uzito wa kukataa.

Tena kuna sentensi ambamo Kiingereza hutumia kitenzi hicho lakini Kiswahili hakitupi chochote. Mwingereza "hutupa" mwanga juu ya jambo. Sisi twatia mwanga. "Hutupa" shaka, sisi twatia shaka. "Hutupa" hata karamu, ilhali sisi karamu twaifanya. Msomaji na aukumbuke mfano huu wa mwisho, maana kitenzi kufanya kitaturudia hivi punde katika mahali ambapo hapana karamu yoyote.

Katika vitabu vya hifadhi ya udongo vilivyoandikwa kwa Kiingereza hukutwa istilahi mbili za Kiswahili: "fanya juu" na "fanya chini". Asili ya umashuhuri wake ni Kenya, hasa wilaya ya Machakos, ambako matuta ya namna hiyo yalianza kutumika katika miaka ya 1950. Yalienea sana kwa mpango wa kitaifa wa hifadhi ya udongo na maji ulioanza mwaka 1974 kwa msaada wa Uswidi. Kutoka huko istilahi zimevuka mipaka na kuingia katika maandishi ya wataalamu wa nchi nyingi. Ni fahari kwa lugha yetu kuwapa wengine istilahi badala ya kuzipokea daima.

Lakini tazama jinsi vitabu hivyo vinavyozieleza. Msomaji huambiwa kwamba "fanya juu" ni maneno ya Kiswahili yenye maana ya kutupa udongo upande wa juu. Hiyo ni maana ya kazi, si maana ya maneno. Kufanya si kutupa, wala katika maneno hayo mawili hamna udongo. Maana yote imetoka shambani, kwa mtu aliyekuwapo na kuonyeshwa kwa mkono. Maadamu mwonyeshaji yupo, istilahi yatosha. Taabu huanza pale istilahi inapotumwa peke yake, kwa karatasi, kwa mkulima ambaye hakuonyeshwa.

Kazi yenyewe ni hii. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa mteremko, upana na kina vikiwa kama sentimeta 60. Udongo anaouchimba huuweka upande wa mlimani wa mtaro, ukawa tuta, na juu ya tuta hilo hupandwa majani ya kulishikilia, kama vile bingobingo. Miaka inavyopita, udongo unaoteremka kutoka shambani huzuiliwa na tuta, na shamba husawazika kidogo kidogo mpaka likawa ngazi. Hiyo ndiyo fanya juu. Katika fanya chini udongo huwekwa upande wa bondeni wa mtaro. Kazi ni nyepesi zaidi, lakini shamba halijengeki kuwa ngazi kwa namna ile. Basi tofauti ya mifumo miwili yote imo katika upande mmoja wa mtaro.

Sasa tumchukue mkulima aliyesoma "fanya juu" bila mwalimu. Neno juu katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Laweza kuwa upande wa mlimani. Laweza kuwa kimo. Laweza kuwa uso wa kitu. Mkulima huyo anayo haki ya kufahamu kwamba ameambiwa alifanye tuta liwe la juu, yaani refu kwenda hewani, na akaujaza udongo upande wa bondeni ambako kuujaza ni rahisi. Atakuwa amefanya juu kwa ufahamu wake, na fanya chini kwa ufahamu wa bwana shamba.

Mfasiri naye akitaka kusaidia, huenda akaandika: "Tupa udongo juu." Sentensi hii yaonyesha hatari ya pili. Udongo wa juu ni istilahi nyingine kabisa: ni ile tabaka yenye rutuba inayolisha mimea. Kati ya "tupa udongo juu" na "tupa udongo wa juu" mna silabi moja tu, tena silabi ambayo mpiga chapa aweza kuiongeza kwa nia njema. Sentensi ya kwanza yaelekeza kujenga tuta. Ya pili, kwa jinsi tulivyoeleza kitenzi kutupa, yamwamuru mkulima kuachana na rutuba yake.

Asidhani mtu kwamba hofu hii ni ya mezani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi udongo wa Uluguru ni mwembamba, na uchimbaji ule uliutoa nje udongo wa chini usio na rutuba. Watu waliichukia kazi, ghasia zikatokea mwaka 1955, na mpango ukaachwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, na kubwa ilikuwa ile ya kuamrishwa. Lakini mkulima aliyeona udongo wake mzuri ukifukiwa hakuhitaji siasa imweleze hasara. Kwa upande mwingine, udongo usiposhikwa hujiondokea. Mvua kubwa ya Februari 1970 ilileta maporomoko zaidi ya elfu moja katika eneo la Mgeta, nayo machache mno yalitokea ndani ya msitu. Maji ya milima hii huingia mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo katika karne hii miradi imerudi Uluguru kuwahimiza wakulima wajenge matuta, safari hii kwa hiari na hata kwa malipo. Matuta ya fanya juu yamo kati ya yaliyohimizwa.

Tufanyeje, basi? Mtu aweza kushauri istilahi "fanya juu" iondolewe kwa kuwa haielezi. Sisi hatukubaliani na shauri hilo. Istilahi iliyokwisha kuenea ina haki ya kukaa, na jina si lazima liwe maelezo. Lililo muhimu ni kutenganisha jina na agizo. Katika jina tuandike "matuta ya fanya juu", kama nomino, na lisisimame kamwe kama amri. Katika agizo tutumie kitenzi cha kutendea, kwa maana ndicho kinachodai kitajiwe mahali: "Urushie udongo upande wa mlimani wa mtaro." Atakayependelea kutupia hatakosea, kwa kuwa kiambishi cha kutendea huondoa wazo la kuacha, bali tupa peke yake isitumike kwa udongo. Maneno "upande wa mlimani" na "upande wa bondeni" yashike nafasi ya juu na chini, nayo istilahi "udongo wa juu" ibakizwe kwa tabaka ya rutuba tu.

Tena upo utaratibu wa siku nyingi katika uundaji wa istilahi: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo kwenda mbali. Waluguru wamelima miteremko hii kwa vizazi vingi, na lugha yao ina majina ya kazi za jembe ambayo hayajapata kuandikwa katika orodha zetu. Walimu wa shule za Matombo na Mgeta, pamoja na mabwana na mabibi shamba wa Morogoro, wanaweza kuyakusanya kwa gharama ya daftari moja. Wakiyapata, wayalete katika kurasa hizi ili yapimwe.