Ulimi wa Mnunuzi na Kikapu Chake

Matumizi endelevu, ewe msomaji, ni kutumia mali ya dunia kwa kiasi ambacho hakitawanyima watakaozaliwa baada yetu. Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1987 katika ripoti ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukalifanya lengo la 12 katika malengo yake 17. Wataalamu wameandika mengi juu yake. Yatupasa kuuliza utafiti wao umeelekea wapi, na kama mwelekeo huo watufaa sisi wa Kisii na Nyamira.

Njia iliyopendwa zaidi ni kumhoji mnunuzi. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Icek Ajzen alieleza kuwa nia ya mtu hutokana na mtazamo wake, na maoni ya wenziwe, na imani yake kuwa jambo analiweza. Watafiti wengi wakaishika nadharia hiyo, wakagawa karatasi za maswali, wakauliza: Je, ungependa kununua kitu kisichodhuru mazingira? Wengi hujibu ndiyo. Wanaotenda huwa wachache. Wataalamu wenyewe wameikiri tofauti hiyo, na kwa ukweli huo wastahili sifa. Kasoro ni kwamba mara nyingi dawa wanayoitoa ni kumwelimisha mnunuzi zaidi, kana kwamba ila yote imo moyoni mwake.

Litazame jambo hili kwa mfano wa Kenya. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Sheria haikungoja nia za watu zibadilike. Mfuko ulipoondoka mkononi mwa muuzaji, mnunuzi alilazimika kutafuta kitu kingine cha kubebea. Wapo walioivunja sheria, na mifuko ya magendo ilivuka mipaka. Hata hivyo tulijifunza kuwa mkono hufuata kile ulichokikuta, wala si kile ulimi ulichokisifu.

Mwelekeo wa pili ni kupima alama za sifa zinazobandikwa juu ya bidhaa. Hapa Nyamira yatugusa, kwa sababu ya chai. Viwanda vingi vya wakulima wadogo wa Kenya vimepata cheti cha Rainforest Alliance, na watafiti huuliza mnywaji wa ng'ambo yu tayari kuongeza fedha ngapi kwa ajili ya alama hiyo. Swali ni halali, lakini ni nusu ya habari. Mashamba yetu ni madogo, na kila kizazi huyagawanya tena. Mkulima anayeacha ukingo wa kijito bila kuulima, na kuandika kila dawa aliyoitumia, hutoa ardhi yake na muda wake. Tukipima ukarimu wa mnywaji bila kupima gharama ya mchumaji, tumempa mmoja sifa ya kazi ya wawili.

Kuna na mtu wa tatu ambaye karatasi za maswali humsahau. Ni yule mama aendaye sokoni na kikapu, ambaye maganda ya ndizi zake hulishwa ng'ombe, na samadi ya ng'ombe hurudi mgombani. Kwa kuwa hanunui bidhaa yenye alama, hahesabiwi miongoni mwa watunza mazingira. Sisemi kwamba umaskini ni wema, wala kwamba mama huyo hatamani maisha mepesi zaidi. Nasema kwamba utafiti unaohesabu manunuzi tu hauwezi kumwona mtu atumiaye kidogo, na kutumia kwa kiasi ndiyo maana ya neno lenyewe.

Basi, kijana, siku moja utasoma utafiti wa namna hii, au utaufanya wewe. Usiridhike na hesabu zake kabla hujajua ni nani aliyeulizwa, na kama yuko aliyemfuata hadi sokoni akatazama alichokitia kikapuni. Ukikuta kwamba hakuna, kazi hiyo imekungoja wewe, na soko liko karibu.