Kusoma Gari Kabla Halijakata Kona

Wengi humsifu dereva wa bodaboda anayejua kupenya. Mimi namheshimu yule ambaye abiria wake hushuka bila kukumbuka breki hata moja ya ghafla. Yupo wa aina hiyo Mwenge, Dar es Salaam, mtu mzima ambaye vijana wa kijiweni humwita Mzee, na wateja wake humsubiri hata bodaboda nyingine zikiwa zimepanga mstari. Kila nikipanda nyuma yake kwenda Ubungo kwa Barabara ya Sam Nujoma, macho yangu huganda kwenye mikono yake.

Vidole viwili vya mkono wa kulia haviondoki juu ya breki ya mbele. Havibani, vimelala tu, huku kiganja na vidole vingine vikishughulika na mafuta. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, pikipiki hula karibu mita 14 kila sekunde. Anayeanza kutafuta breki wakati hatari imeshafika ameshapoteza mita kadhaa kabla mwendo haujapungua hata kidogo.

Vijiweni wapo wanaoiogopa breki hiyo ya mbele, eti inapindua. Inapindua ukiikwapua. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito husogea mbele. Tairi ya mbele inagandamizwa na kushika lami, ya nyuma inabaki nyepesi. Ndiyo maana anayekanyaga ya nyuma peke yake huserereka. Mzee hubana taratibu, husubiri pikipiki ielemee mbele, ndipo anaongeza nguvu, mguu ukisaidia. Kwenye mchanga au lami iliyoloa huanza mapema zaidi. Nyuma pale unahisi kama barabara imeshuka kidogo, basi.

Lakini breki ni nusu ya ufundi. Nusu kubwa iko machoni. Gari linapokuja kwa mbele likitaka kukata kulia, Mzee hatazami uso wa dereva. Hutazama gurudumu la mbele, hasa rimu. Aliwahi kunieleza kwamba dereva anaweza kukukodolea macho na bado asikuone, lakini gurudumu likianza kuzunguka au kupinda halifichi kitu.

Hilo la kutazama bila kuona ni kweli tupu. Pikipiki ni nyembamba, kwa hiyo dereva huidhania iko mbali na inakuja polepole. Ikimjia moja kwa moja haionekani kuhama dhidi ya vitu vilivyo nyuma yake, na nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inaweza kuimeza yote pamoja na abiria. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti baada ya kuchunguza ajali za pikipiki zaidi ya 900 eneo la Los Angeles. Takriban robo tatu zilikuwa za kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili za hizo, dereva wa chombo hicho ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Kule huendesha kulia, kwa hiyo ajali iliyojirudia zaidi ilikuwa ya gari linalokata kushoto mbele ya pikipiki. Kwetu hatari hiyo huletwa na lile linalokata kulia.

Basi Mzee huwasha taa mchana, na akikaribia makutano husogea kidogo upande mmoja wa njia yake, kisha anarudi. Mtikisiko huo mdogo wa taa ndio unaolishtua jicho la dereva aliyezubaa.

Daladala iliyosimama kituoni huisoma kwa namna nyingine. Hutazama mkono wa konda. Konda akishagonga bodi, gari linatoka, iwe indiketa imewashwa au la, na Mzee ameshaachia mafuta kabla tairi halijageukia barabarani. Kwa malori ya mizigo ana kanuni moja: asipoiona sura ya dereva kwenye kioo cha pembeni, hakai hapo. Hupita upesi au hubaki nyuma, na hajiingizi kushoto mwa lori linalokaribia kona.

Akichomekewa, hapigi honi wala hatukani. Humwachia mtu nafasi, kisha anaijenga upya ile aliyokuwa nayo mbele yake. Kwangu huo ndio ufundi wake mgumu kuliko wote, kwa sababu kifua huwa kinamtaka afanye kinyume.

Vioo vyake viwili vipo, ingawa wengi wamevifungua ili wapenye vizuri. Kofia ngumu ya abiria ipo pia, na haondoki mpaka ahakikishe umefunga mkanda wa kidevuni. Watu humwona mkaidi kwa hilo. Ana haki ya kuwa mkaidi.

Haya yote anayafanya kwa ajili ya dereva ambaye huenda hajui kama Mzee yupo duniani. Wewe unayeshika usukani wa gari, kabla ya kukata kulia au kutoka kituoni, tazama kioo, geuza shingo, kisha tazama tena ukiitafuta pikipiki. Na simu ikae pembeni mpaka ufike.